Mpishi Ndani ya Jani la Chai

Kwenye kamba ya nguo ya roshani yangu hapa Nairobi kuna kibanio kimoja cha mbao ambacho mdomo wake umeungua. Vingine vyote ni vya plastiki, vya rangi za kila aina, na hicho kimekaa katikati yao kama mzee aliyeketishwa pamoja na watoto wa chekechea. Mvua ikikilowesha kinatoa harufu ya mbao iliyochomwa, na nyuma yake harufu kali kidogo kama ya spiriti, ingawa najua spiriti hiyo ilikauka kabla simu za mkononi hazijafika nchini. Wanangu wamekitupa mara mbili, nami mara mbili nimekitoa kwenye pipa la taka, mtu mzima mwenye shahada mbili, nikipangusa maganda ya viazi. Harufu hiyo ikinifikia sikumbuki nguo. Namkumbuka msichana aliyeitwa Chepkorir, na jinsi nilivyomwonea wivu kwa bidii ambayo sijawahi kuitia katika kazi nyingine yoyote, hata tasnifu yangu.

Baba yangu, Mwalimu Momanyi, alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ndogo ya sekondari ya kutwa upande wa Kiptere. Nikisema mwalimu wa sayansi simaanishi mmoja wa walimu wa sayansi. Alikuwa yeye peke yake, kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Asubuhi alikuwa na moyo wa ng'ombe na Kidato cha Pili, ule moyo akiwa ameununua buchani na kuubeba ndani ya mkoba uleule wa vitabu. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa na umeme na Kidato cha Nne. Saa nane, mvua ya Kericho ilipoanza kupiga bati kama kawaida yake, alikuwa akipigia Kidato cha Tatu kelele kuhusu asidi na chumvi, na sisi katika nyumba ya mwalimu, ng'ambo ya ua, tulisikia asidi ikishinda na mvua.

Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye meza nne, taa za spiriti tano, na neli za kioo za kutosha kama hakuna atakayeangusha. Vishikio vya neli havikuwepo. Baba akagundua kwamba kibanio cha nguo hushika neli vizuri tu, ukikubali kwamba mara kwa mara kitaungua. Basi vibanio vya mama vikawa vinatoweka viwili viwili, na siku ya upepo shuka zetu zilikuwa zinaruka ua na kutua juu ya majani ya chai ya jirani. Mama, mtu wa ziwani, karani katika ofisi ya shamba la chai, alikuwa akisimama kwenye kamba na kuuliza kwa sauti ya kusikika hadi maabara, "Mwalimu! Na hivi navyo vimejiunga na sekondari?"

Baba alicheka. Mimi sikuona la kuchekesha. Nilikuwa darasa la tano, nina miaka kumi na moja, na hata vibanio vya nguo vilikuwa vimepata nafasi Kidato cha Kwanza kabla yangu.

Niwaeleze na jambo la Jumamosi. Kwa kuwa mwalimu alikuwa mmoja na vidato vinne, baba alibuni kitu alichokiita ngazi. Kila Jumamosi asubuhi wanafunzi wote waliingia maabara. Kidato cha Nne kilifundisha cha Tatu, cha Tatu kikafundisha cha Pili, cha Pili kikafundisha cha Kwanza, na baba akazunguka katikati yao mikono nyuma, akisikiliza makosa. Kidato cha Kwanza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa chini yao, walipewa amri ya kwenda nyumbani kufundisha mtu yeyote anayekunywa chai. Katika sehemu zile hiyo ilimaanisha kila aliye hai. Ukipita vijijini Jumamosi jioni ungesikia wachumaji wa majani, wametoka kazini wamechoka, wakielezwa kazi ya figo.

Nilikuwa nikisimama nje ya dirisha la maabara, juu ya tofali, nikitazama ngazi ambayo haikuwa na kidato changu.

Chepkorir alikuja Kidato cha Kwanza Januari ya mwaka huo, na sare iliyomzidi ukubwa. Mama yake alikuwa mchumaji, na nyanya yake, kogo, ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake wa Jumamosi; baba alitusimulia kwamba kogo huyo alikuwa amekataa katakata kuamini kwamba mimea inapumua, akataka aonyeshwe pua. Chepkorir alikuwa anauliza maswali. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake lote. Baba yangu, ambaye angeweza kula ugali bila mboga ilimradi mtu amemuuliza swali zuri, alianza kurudi nyumbani na jina hilo mdomoni.

"Leo Chepkorir ameuliza kwa nini barafu inaelea."

"Leo Chepkorir ameniambia kitabu kimekosea. Nimeangalia. Kitabu kimekosea kweli!"

Nilianza kuhesabu. Kila jina lake lilipotajwa mezani niliweka alama ya mkaa nyuma ya mlango wa chumba changu. Kuna usiku lilitajwa mara saba, na mboga ilikuwa sukuma wiki tu, chakula kisichochukua muda. Mama aliziona zile alama siku moja akifagia. Hakuniuliza ni za nini. Alisema tu, akiendelea kufagia, "Anayehesabu vijiko vya sukari vya mwenzake, chai yake hupoa." Nikadhani anazungumzia chai.

Kisha ukaja ufunguo. Kabati la maabara lilikuwa na kufuli, na tangu nikiwa na miaka sita nilikuwa nikimwomba baba niushike ufunguo wake, niushike tu, nisifungue. Alikuwa akinijibu, "Ukifika Kidato cha Kwanza." Sasa jioni moja nikamwona Chepkorir akivuka uwanja, ufunguo ule ukining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Alikuwa amefika Kidato cha Kwanza, kweli. Hakuna ahadi iliyovunjwa. Ndiyo maana iliuma hivyo. Sikuwa na pa kushitaki.

Muhula wa pili Chepkorir aliuliza lile swali. Mama yake alikuwa akirudi na kikapu, na majani yaliyobanwa chini yalikuwa yamegeuka kahawia, yananuka tamu kama tofaa lililoiva kupita kiasi. Kwa nini yale ya juu ni kijani na yale yaliyopondeka ni kahawia? Na kwa nini jani likitumbukizwa kwenye maji ya moto kwanza, halafu likapondwa, linabaki kijani? Hilo la pili alikuwa ameligundua mwenyewe jikoni kwa kogo. Baba akampa kazi hiyo aipeleke kwenye kongamano la sayansi, ambalo mwaka huo shule za jirani zingekuja kulifanyia kwetu. Wa kwanza angeenda kushindana Kericho mjini.

Jioni ile baba hakula. Alichukua jani la chai alilokuja nalo mfukoni, akalisugua kati ya vidole, akaliweka kando ya sahani yangu.

"Ndani ya hili jani," akaniambia, "kuna mpishi mdogo. Amefungiwa chumba chake. Vyakula viko chumba kingine. Ukiliponda jani, umevunja ukuta. Mpishi anaingia jikoni, anaanza kupika, na jani linageuka kahawia. Bila yeye hakuna chai nyeusi duniani."

"Na maji ya moto?" mama akauliza, akinimiminia chai.

"Yanayochemka yanamuua mpishi. Jani linabaki kijani hata ulipondeponde." Akainua kidole. "Lakini angalia hapa, Kemunto. Maji baridi hayamuui. Yanamchelewesha tu. Na vuguvugu, haya ya kumwogeshea mtoto mchanga, ndiyo anayapenda kuliko yote. Humo anapika mbio mbio."

Leo najua mpishi huyo vitabu vinamwita kimeng'enya. Wakati ule nilitazama jani likibadilika rangi kando ya ugali wangu na sikufurahi hata kidogo. Nilikuwa na hakika kwamba somo hilo lilikuwa limeshatolewa mchana kwa Chepkorir, na sisi nyumbani, kama kila siku, tulikuwa tunapewa makombo.

Siku ya kongamano wageni walijaa bwaloni. Moto haukuruhusiwa humo kwa sababu ya mapazia, kwa hivyo mama alichemsha maji nyumbani, akajaza chupa ya chai, ile yetu kubwa yenye maua mekundu, akanikabidhi. "Mpelekee Chepkorir. Usitikise, yanachemka hayo."

Njia ya kwenda bwaloni ilipita langoni, penye tangi la maji na mti mmoja wa chai ulioachwa ukarefuka bila kuchumwa. Sitawadanganya kwamba nilisita. Nimesoma kumbukumbu nyingi ambamo mtoto husita. Mimi nilifungua chupa, nikamwaga karibu yote kwenye mti ule, nikaacha kidogo chini na mengine kwenye kifuniko, nikajazia maji ya tangi. Bomba lilikuwa na nguvu. Lilinilowesha gauni hadi magotini. Nikatia kidole. Bado yalikuwa baridi mno. Nikamwaga kidogo, nikachanganya tena kwa yale niliyoyabakisha kwenye kifuniko. Nikatia kidole. Maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nikafunga.

Chepkorir aliipokea chupa kwa mikono miwili. "Asante, dada mdogo. Njoo usimame hapa karibu, uone vizuri." Akanisogezea nafasi nyuma ya meza yake, upande wa wenye maonyesho, mahali nilipokuwa nimetamani kusimama maisha yangu yote.

Nikasimama. Niliona vizuri.

Alikuwa na mabakuli mawili na sahani mbili nyeupe. Majani ya bakuli la kwanza aliyaacha makavu. Ya bakuli la pili aliyamwagia maji ya chupa, akasubiri, akayachuja. Kisha akayaponda yote kwa kinu kidogo cha maabara, akayatandaza kwenye sahani zake, akangoja waamuzi. Walikuwa watatu, wakiongozwa na mzee mmoja mwenye tai na mwavuli. Kabla hawajamfikia, mimi nilikuwa nimeshaona. Sahani ya kwanza ilikuwa ikigeuka kahawia taratibu, kama inavyotakiwa. Ya pili ilikuwa imeshaipita.

"Binti," mzee wa tai akasema, "umeandika hapa kwamba sahani ya pili itabaki kijani."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mbona hii ndiyo nyeusi zaidi?"

Nyuma yake wavulana wa Kidato cha Tatu, waliokuwa na maonyesho yao ya sabuni ya parachichi, wakaanza. "Ongeza maziwa, Chepkorir!" "Mwite kogo aje akaange!" "Hiyo imeungulia sufuria!" Bwalo zima likacheka, na ndimi nyingine zilicheka kwa Kiswahili na nyingine kwa Kipsigis, kwa hivyo hakuna aliyekosa utani.

Chepkorir hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yake. Nilikuwa hata nimepanga uso wa kuonyesha huruma. Alifungua chupa, akatia kidole ndani, akakiacha humo muda. Halafu akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama vile mtu anavyosoma kipimajoto. Kisha akamgeukia mzee.

"Mwalimu, leo imekataa. Sijui ni kwa nini. Lakini haijakataa bure, nitajua."

Waamuzi wakaandika, wakasogea. Sabuni ya parachichi ilienda Kericho. Baba alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama Jumamosi.

Nilitarajia ufunguo urudi nyumbani jioni hiyo. Haukurudi. Kilichotokea ni kwamba kwa wiki tatu mfululizo, kila siku baada ya masomo, baba na Chepkorir walijifungia maabara na kipimajoto na majani na maji ya kila kiwango cha joto, wakianzia baridi wakipanda nyuzi kumi kumi, wakiandika kila kitu kwenye daftari. Mimi nilikuwa natumwa kumpelekea baba koti la mvua. Nilisimama mlangoni nikiwa nalo, nikiwaangalia wameinamisha vichwa juu ya sahani, na nikaelewa kwamba ule wakati mrefu pamoja na baba yangu, ambao mimi sikuwahi kuupata, nilikuwa nimempatia Chepkorir kwa mikono yangu mwenyewe.

Wiki ya kwanza ya hizo tatu, mama alileta habari mezani. "Ule mti wa langoni una tawi limekauka. Limekuwa kama limeokwa."

"Nimeuona," baba akasema. "Ni maji yaliyochemka." Akamega ugali, akaufinyanga polepole. "Nimekuwa nikimfikiria mtu aliyeyamwaga. Angetaka kumharibia Chepkorir tu, angeleta chupa tupu. Au maji baridi, na kwa maji baridi sahani zingekaribiana na msichana angejitetea. Huyu akachagua vuguvugu. Alijua mpishi atapika mbio." Akatikisa kichwa. "Kidato cha Pili chote, sioni ambaye angewaza hivyo. Cha Tatu labda mmoja."

"Unamsifu?" mama akashangaa. "Mtu mbaya hivyo?"

"Nasifu kichwa. Roho ni somo jingine." Akanywa chai. "Akija kwangu nitamuuliza maswali mawili tu. La kwanza, umeelewaje. La pili, kwa nini."

Hebu fikirieni hali yangu. Sifa niliyoitafuta tangu nikiwa na miaka sita ilikuwa imewekwa mezani, ya moto, mbele yangu, bora kuliko yoyote aliyowahi kupewa Chepkorir. Ilinibidi tu kuinua mkono, nayo ingekuwa yangu. Lakini swali la pili lilikuwa limekaa pembeni yake. La kwanza ningelijibu kwa ufasaha mkubwa. Baba alingoja. Alimaliza ugali, akaongezewa chai ambayo kwa kawaida haongezi, akaimaliza nayo. Mimi nikasema nimeshiba, nikaenda kulala na njaa.

Hakuuliza tena, siku hiyo wala nyingine. Nilipofika Kidato cha Kwanza, Chepkorir alikuwa ameshamaliza cha Nne na kwenda chuoni, na ufunguo nilipewa kama ilivyoahidiwa. Niliuvaa shingoni wiki moja, nikaona unakwaruza. Baadaye nikaenda chuo kikuu kusomea fasihi, taaluma ambamo maji vuguvugu hayaharibu kitu, na wengine wetu tumeishi kwayo.

Baba ametuacha sasa miaka sita. Mwaka jana Chepkorir alinipigia simu. Anafundisha kemia na biolojia katika shule ya wasichana karibu na Silibwet, na alitaka nije kuzungumza na wanafunzi wake kuhusu kusoma vitabu. Akachagua Jumamosi. Nilipofika nilimkuta maabara, nywele zimeingia mvi, mikono nyuma, akizunguka katikati ya wasichana wa vidato vyote waliokuwa wakifundishana kwa kelele. Kwenye meza, neli zilikuwa zimeshikwa na vishikio vya kisasa, isipokuwa chache zilizobanwa kwa vibanio vya nguo vya mbao.

"Hivyo ni vya mama yako," akasema. "Mwalimu alinipa boksi zima alipostaafu."

Wasichana walipotoka kwenda kunywa chai, nilijikuta nasema. Nilikuwa nimekaa nalo zaidi ya miaka thelathini, na likatoka vibaya, kama kikohozi. "Chepkorir, yale maji ya kongamano."

"Yalikuwa vuguvugu. Si nilitia kidole?"

"Ulijua ni mimi?"

"Kemunto." Akacheka hadi akashika meza. "Ulikuwa umelowa mpaka magotini na mvua haikuwa imenyesha. Hiyo nayo inahitaji sayansi?"

"Na hukusema. Hukukasirika?"

"Nilikasirika siku mbili tatu. Halafu hasira ikaisha, nikabaki na wivu."

Nikadhani sijasikia vizuri. Wivu wa nini, nikamuuliza, kwangu mimi, mtoto wa tofali la dirishani?

"Ulijua kwamba vuguvugu ni mbaya kuliko baridi. Sisi hatukujua."

"Lakini si aliwafundisha? Habari ya mpishi ndani ya jani."

"Alitufundisha baadaye, wiki iliyofuata kongamano. Mimi siku ile nilijua maji ya moto, basi. Moto kiasi gani, kwa nini, sikuwa na habari. Ndiyo sababu hata sikuyapima." Alichukua kibanio kimoja kilichoungua, akakifungua na kukifunga. "Huo ndio uliokuwa mtindo wake. Kila somo lilipokuwa gumu alituambia, 'Hili nimelijaribu jana kwa mwanafunzi wangu wa nyumbani, akaelewa. Nyinyi je?' Miaka minne, mwanafunzi wa nyumbani, mwanafunzi wa nyumbani. Tulidhani ni kijana fulani mkubwa anayekuja kwa tuisheni. Tulimchukia! Mimi hasa. Siku alipotueleza habari ya mpishi akasema, 'Mwanafunzi wangu wa nyumbani alilielewa hili vizuri mno, akalitumia kabla sijawafundisha.' Darasa zima likanuna. Mimi nikakumbuka lile gauni lililolowa."

Akaniwekea kibanio mkononi, akatoka kwenda kuwaita wasichana.

Kwa hivyo kimekaa kambani kwangu, na mvua ikinyesha kinanuka. Huwa naanika nguo nikimfikiria yule mtoto wa darasa la tano aliyeketi karibu kabisa na birika, amepewa jani kando ya sahani yake, na somo la kesho la vidato vinne likimiminwa kwake kabla ya mtu mwingine yeyote kulionja, huku yeye masikio yote yakingoja jina la mwenzake ili akaliwekee alama ya mkaa. Chai yake ilipoa, kama mama alivyosema. Miaka yote hii, ukiniuliza ukweli, ni yeye ninayemwonea wivu.